Viapo vya Ami Nassor

Mlinipa keki ya kustaafu, mkanipa na saa ya ukutani isiyo na betri, kisha mmoja wenu akanambia, "Bi Zuhura, tuandikie basi yale ya zamani, tuyasome." Sasa nimekaa nyumbani, miguu juu ya mto, mume wangu ananitazama kama mgeni aliyezidisha siku, nikaona bora niandike. Lakini anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini atangoja sana. Kila nilipopandishwa walinibadilishia kadi ya mezani, na kazi ikabaki ile ile: kuandika programu za C za kuendesha mitambo, na kukaa nazo mpaka ziache ukorofi.

Nitawaelezeni aserti, kwa sababu programu zenu nimeziona. Mnaziandika aserti vizuri, halafu siku ya kumpelekea mteja mnazizima zote. Kila nikiona hivyo huwapigia kelele, nanyi mnadhani bibi kazeeka. Haya, someni hadi mwisho, kisha mfanye mtakavyo.

Nilianza kazi Al Quoz mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika karakana iliyobanwa baina ya ghala la matairi na duka la vioo. Tulikuwa tukitengeneza vibao vya kuendeshea lifti za ujenzi, yale matundu ya chuma yanayopanda ubavuni mwa jengo yakibeba watu na saruji. Dubai ya wakati ule majengo yalikuwa yanaota kama uyoga, ingawa mvua yenyewe hatukuiona, na kila jengo lilitaka lifti ya nje kabla halijapata ya ndani. Karakana ilinuka risasi ya kuchomelea na mafuta ya mashine. Kiyoyozi kilikuwa kimoja, na kilikaa ofisini kwa meneja.

Mkuu wa programu alikuwa Mzanzibari kama mimi, Bwana Nassor, mtu mrefu mkavu aliyesomea Ujerumani Mashariki enzi zile na kurudi na tabia ya kuvaa soksi ndani ya makubadhi. Nilimwita Ami kwa kuwa alikuwa rika la baba yangu. Siku ya kwanza hakunizungusha kunijulisha kwa watu wala hakunionyesha choo kiko wapi. Alinipa kipande cha programu niandike, cha kuhesabu ghorofa lifti inapopanda na kushuka. Nilipomaliza akavuta kiti.

"Hii namba ya ghorofa, yaweza kushuka chini ya sifuri?"

"Haiwezi, Ami."

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Umeuandika wapi?"

Nikamtazama. "Nimeandika wapi nini?"

"Uhakika wako. Kama haumo ndani ya programu, bibie, huo si uhakika, huo ni umbea."

Ndipo akanionyesha aserti. Ni sentensi unayoiweka katikati ya programu ukisema: hapa nilipofika, jambo hili ni kweli. Mashine ikifika pale hulitazama lile jambo. Likiwa kweli, inapita kama hapakuwa na kitu. Likiwa si kweli, inasimama papo hapo na kukutajia mstari uliodanganya. Ami aliziita viapo, na sote karakanani tukaziita hivyo. Siku ya nne yangu kiapo changu mwenyewe kikanifedhehesha. Nilibonyeza vitufe viwili pamoja, programu ikapunguza ghorofa mara mbili, lifti ya majaribio ikasimama na kioo kikaandika nambari ya mstari wangu. Bila kile kiapo mashine ingeamini imo ardhini na kuendelea na safari zake. Ami hakucheka, lakini alikwenda kuwaita wengine waje waone.

Tulikuwa na desturi yetu pia. Kabla programu haijachomwa kwenye chipu, mwandishi alivisoma viapo vyake kwa sauti mbele ya mwenzake. "Hapa naapa mlango umefungwa." Msikilizaji anauliza, "Na kama si kweli?" Mwandishi anajibu, "Isimame." Kiapo baada ya kiapo, mpaka mwisho. Watu wa matairi waliosikia kupitia ukutani walidhani tunafanya uganga. Mimi niliipenda desturi ile. Makosa mengi niliyoyaandika niliyasikia kwa masikio yangu kabla sijayaona.

Sasa niwape habari za Mutiso. Katika miaka ile ya majengo tulipata kazi kubwa mtaa wa Marina, mnara mmoja wenye lifti mbili pacha, moja kila upande, nami ndiye niliyekwenda kufunga vibao vyetu. Dereva wa lifti ya upande wa bahari alikuwa Mkenya kutoka Machakos, kijana mpana wa mabega, mcheshi, aliyeingia Dubai kama askari wa mlangoni akahamia ujenzi kwa kuchoka kusimama. Aliposikia naitukana bisibisi kwa Kiswahili alikaribia kuanguka kwa furaha.

"Haki ya Mungu! Madam, kumbe wewe ni wa nyumbani?"

"Nyumbani kwako wapi na kwangu wapi? Hebu shika hii taa."

Tangu siku hiyo akaniita Madam wa chipu. Kila nikifika ananiuliza lini nitamwandikia programu ya kumpikia ugali.

Ukaja msimu wa joto na lifti zikaanza kusimama hovyo. Vumbi liliingia kwenye swichi za milango, swichi ikasema mlango uko wazi na hali umefungwa, kiapo kikavunjika, lifti ikaganda katikati ya jengo na watu ndani, jua linawachoma. Tulikuwa tukiwashusha kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mkandarasi akaja juu. Meneja wetu, Farid, tuliyemwita Sir kama ilivyo ada, akatuita kwenye kile kiyoyozi chake.

"Toeni hivyo viapo," akasema. "Mteja hataki mashine inayobishana naye. Khalas."

Ami Nassor alisema hapana. Alisema kinachotakiwa ni kubadilisha swichi zipatikane zisizoingia vumbi, na kwamba lifti inayosimama bila sababu ni kero, lakini isiyosimama penye sababu ni balaa. Walibishana siku mbili, mlango wazi, sote tukisikia. Mwisho Farid akamwuliza kama anataka kazi au hataki. Ami alikuwa na umri wa kuchungulia pensheni ambayo hapa haipo, na viza yake ilikuwa ya kampuni. Akatoka akakaa mbele ya kompyuta.

Kuvitoa viapo ni rahisi mno, na hapo ndipo pana hatari. Lugha ya C ina neno moja tu, ukilitaja unapokompaili, yaani unapoigeuza programu iwe lugha ya mashine, aserti zote zinafutika na programu inakuwa kana kwamba haikuwahi kuapa. Huna haja ya kugusa mstari hata mmoja. Ami alilitaja lile neno, akachoma chipu mpya, akanipa nizipeleke Marina.

"Usiwe na hofu," akanambia, ingawa ni yeye aliyekuwa na hofu. "Kiapo ni jicho tu. Ukilifumba jicho, mkono bado unafanya kazi yake."

Lifti hazikusimama tena hovyo. Mkandarasi akatuletea sahani ya halwa.

Kisha asubuhi moja ikaja simu. Lifti ya Mutiso ilikuwa imesimama ghorofa ya juu, na fundi plasta mmoja wa Bangladesh, jina lake Jamal, akawa anaingia na toroli. Mguu mmoja ndani, mwengine nje, lifti ikashuka. Haikuanguka kwa kishindo, iliteleza tu kwenda chini kama droo, na Jamal akabanwa baina ya paa la lifti na sakafu ya ghorofa. Alikufa kabla hawajampata mtu wa kuzungusha gurudumu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ripoti ya mkandarasi ilisema dereva aliugusa mkono wa lifti, kile chuma cha kuishushia, wakati mtu akiingia. Farid akamtaka Ami aijaribu programu. Ami akaiweka juu ya meza ya majaribio, akaipandisha, akaisimamisha, na kila iliposimama breki ya kwanza ikashika, breki ya pili nayo ikashika, tak, tak, hata mimi niliisikia. Breki ya kwanza ilikuwa imelika kule Marina, hilo lilijulikana, lakini ya pili ipo kwa ajili hiyo hasa. Ami akasema ukweli wa alichokiona: programu haina kasoro. Alisikitika sana kwa ajili ya Mutiso. Na neno lake ndilo lililomkaanga.

Mutiso aliwekwa ndani, akatolewa, pasi yake ikabaki polisi. Nilimfuata Ijumaa alasiri Al Nahda, kwenye fleti wanayolala wengi chumba kimoja, kila kitanda na pazia lake. Alikuwa amekonda. Alinipisha nikae kitandani, yeye akachuchumaa chini.

"Madam, mimi sikuguza," akasema. "Nilikuwa nimeshika geti na mikono zote mbili, sababu ile springi yake imekufa, inapiga watu. Ningeguza na nini? Na meno? Mwenye aliniona ni Jamal peke yake, na Jamal ameenda."

"Umewaeleza?"

"Nimeeleza mpaka nimechoka. Kuna mtu wa kampuni anakuja kila siku. Anasema nikisaini ati niliguza kwa bahati mbaya, watanipa tiketi niende nyumbani. Nikikataa, nitakaa jela nikingoja kesi, na kesi ya hapa hujui itaisha lini."

"Usisaini, mwanangu. Nipe siku chache."

"Sawa, Madam. Lakini si uharakishe."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimwamini, na pia niliiamini meza ya Ami, na vyote viwili haviwezi kuwa kweli. Njiani nikajiuliza swali la kijinga: tulijaribu nini pale mezani? Tulijaribu programu ya karakanani. Mistari ile ile, ndiyo. Lakini programu ya karakanani ilikuwa na viapo vyake vyote, kwa kuwa Ami hakuwahi kufanya kazi mezani pake bila viapo. Ile ya Marina haikuwa navyo. Nikajiambia, haya, tofauti iko wapi, jicho ni jicho tu. Hata hivyo nikaomba ruhusa, na Jumatano asubuhi nikenda Marina. Kibao cha lifti ya Mutiso kilikuwa kimechukuliwa, lakini pacha wake alikuwepo, amefungwa kamba asitumike. Nikaitoa chipu yake, nikaileta Al Quoz, nikaitia kwenye meza ile ile.

Nikapandisha, nikasimamisha. Tak. Nikangoja tak ya pili. Haikuja.

Nikarudia hadi vidole vikaniuma. Breki ya kwanza inashika, ya pili inakaa wazi kama mdomo wa mpumbavu. Nikarejesha programu yenye viapo: tak, tak. Basi nikafungua ile mistari nikaipitia na kalamu, na sikuchukua muda mrefu. Ulikuwa mstari wa zamani, wa Ami mwenyewe, alioandika kabla sijaajiriwa. Na ulikuwa ni kiapo.

Nawaeleza taratibu, maana hili ndilo nililowaitia. Kuna kazi ndogo ndani ya programu inayoitwa kushika breki ya pili. Unaiita, inashika, kisha inakujibu imeshika au haikushika. Ami aliiita ndani ya kiapo chenyewe. Yaani aliandika: naapa kwamba, nikiamuru breki ya pili ishike, jibu litakuwa imeshika. Katika programu yenye viapo, mashine ili itazame kama kiapo ni kweli ilibidi kwanza itoe ile amri, na breki ikashika. Lilipotajwa lile neno la kufuta viapo, kiapo kilifutika na amri ikafutika pamoja nacho. Hapakubaki mahali pengine popote programu inapoamuru breki ile. Na ile desturi yetu ya kusoma kwa sauti ndiyo iliyolificha. Kwa sauti mstari ule ulisomeka, "Hapa naapa breki ya pili imeshika." Nani angeukataa? Na kama si kweli? Isimame. Aliyemsikiliza siku hiyo, ambaye alikwishahamia nchi nyengine, aliridhika, nami ningeridhika.

Kwa hiyo toeni amri juu, mstari wake peke yake, muweke jibu mahali, kisha kiapo kije chini yake kilitazame lile jibu tu. Kiapo kisifanye kazi yoyote. Na mjaribu chipu ile ile anayopelekewa mteja, si binamu yake.

Ami alirudi kutoka kusali adhuhuri, mikono ya kanzu imekunjwa, nikamwita. Nilimwonyesha mstari kwa kalamu. Akausoma kwa sauti, kwa mazoea. "Hapa naapa breki ya pili imeshika." Akanitazama kutaka kujua kuna nini. Nikamwekea chipu ya Marina nikabonyeza. Tak. Alisimama akingoja kama nilivyongoja mimi. Kisha akausoma tena mstari, safari hii kimya, midomo tu, na nikamwona anafika pale penye amri.

"Subhanallah," akasema. Akakaa. "Kikulacho ki nguoni mwako, Zuhura. Nimemwua yule fundi kwa kiapo changu mwenyewe."

"Waliokulazimisha kuvitoa ni wengine, Ami."

"Wao walitoa viapo. Breki niliitoa mie." Akainuka. "Mkenya yuko wapi?"

Alikwenda kwanza kwa Farid, akaacha mlango wazi kama kawaida yake. Farid alimsikiliza, akapauka, kisha akasema tubadilishe chipu zote kimyakimya, na ripoti ibaki ilivyo, imekwisha kwenda. Ami akamwambia, "Sir, kuna mtu anangoja jela kwa ajili ya mstari wangu." Farid akamwambia afikirie viza yake. Ami akasema ameifikiria mara moja tayari, na kilichotokea anakiona. Sijawahi kumpenda mtu wa kazini kama nilivyompenda siku ile.

Tulikwenda kituo cha polisi kwa gari langu, chipu mbili ndani ya kopo la biskuti. Afisa alikuwa mtu wa adabu, alitupa chai, akamsikiliza Ami kwa Kiarabu mpaka mwisho. Kisha akafungua faili, akalitazama, akalifunga.

"Ya hajji," akasema, "yule dereva amekiri. Alisaini mwenyewe juzi, amekwishasafirishwa. Wewe unasema hakugusa. Yeye anasema aligusa. Nimsadiki nani?"

Ami alijaribu kueleza. Lakini mwambie mtu kwamba breki ilimezwa na kiapo, na mbele yake pana karatasi yenye saini ya mtuhumiwa. La kuvunda halina ubani. Afisa akaandika aliyoambiwa, akaahidi kuyapeleka mbele, na yakapelekwa huko mbele, na huko mbele yamebaki.

Chipu nilizibadilisha mie, lifti kwa lifti, mji mzima. Ami hakuongezewa viza. Alihamia Muscat kwa binti yake, na hakuandika tena programu. Kila nikimpigia swali lake lilikuwa moja, hata salamu hazijesha: "Umempata yule kijana?" Sikuwa nimempata. Nambari yake ilikufa, wenzake wa Al Nahda wakatawanyika. Ami alifariki akiwa bado anauliza.

Nilimpata miaka baadaye, kupitia mlinzi mmoja wa Discovery Gardens ambaye ni wa kijijini kwao. Nilipiga mchana, nikajitambulisha.

"Madam wa chipu!" akasema, na kwa kitambo kidogo ilikuwa sauti ile ile ya Marina. "Bado uko huko? Na ile programu ya ugali?"

Nikamweleza yote, mstari, breki, kopo la biskuti, Ami. Nilieleza polepole ili nisikosee. Nyuma yake nilisikia mtu akipasua kuni.

"Kwa hivyo sikuguza," akasema.

"Hukugusa, mwanangu."

Nikamsikia akisogea mbali na zile kuni.

"Madam, mimi nilisaini, nikafika nyumbani, watu wakauliza. Nikasema niliguza, ni bahati mbaya. Ningesema nini? Karatasi imesema. Nikatubu kanisani, mbele ya watu. Nikatafuta ndugu ya Jamal kwa simu, nikamwomba aambie mama yao anisamehe, na yule mama akalia, akanisamehe." Akavuta pumzi. "Saa hii nikifunga macho naona mkono yangu ikitoka kwa geti. Naiona ikienda kwa ile chuma. Naiona vizuri kabisa."

"Haukwenda, Mutiso. Ulikuwa umeshika geti. Wewe mwenyewe uliniambia, kwa mikono miwili."

"Nilikwambia hivyo?"

"Ulinambia."

"Asante, Madam. Mungu akubariki," akasema, kwa upole, kama mtu anayemfariji mwenzake. "Lakini ungeniambia kabla sijaanza kuiona."